Maswali ya Wasomaji: Rodsta ya Kale na Kazi ya Kuijenga Hotrodi

Makala ya toleo lililopita kuhusu hotrodi za California, yaani magari ya zamani yaliyopunguzwa uzito, yakashushwa chini na kutiwa injini yenye nguvu zaidi, imetuletea barua nyingi kutoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani, na baadhi yao magari hayo wanayo uani. Safari hii ukurasa wote ni wa rodsta, lile gari la wazi la viti viwili, lenye paa la turubai na lisilo na vioo vya kupandisha milangoni.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa malori hapa Bakersfield, California, mzaliwa wa Tanga. Nimenunua Ford Model A rodsta ya 1929 iliyokuwa imelala ghalani kwa mkulima mmoja. Bodi ina kutu sakafuni na chini ya milango, injini haimo, na fremu ina mabati yaliyochomelewa zamani ambayo kwa macho yangu si ya kiwandani. Nataka kuijenga iwe hotrodi ya barabarani, niwe natoka nayo na mke wangu siku za Jumapili. Nianzie wapi, nitie injini gani, na je, niyakate hayo mabati ya watu wengine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo mabati usiyaguse mpaka uwe umeyasoma, kwa sababu ndiyo yatakayokueleza umenunua gari la namna gani. Model A za 1928 hadi 1931 zilitoka kiwandani na injini ya silinda 4, lita 3.3, yenye nguvu za farasi 40, na fremu yake nyepesi ilitosha kwa injini hiyo. Ford walipotoa V8 yao, yaani injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V, mwaka 1932, vijana wa kusini mwa California hawakuwa na fedha za kununua gari jipya, lakini rodsta za Model A zilikuwa rahisi kupatikana, na haikuchukua miaka mingi kabla ya V8 zilizotoka kwenye magari yaliyogongwa kuanza kuonekana katika viwanja vya vyuma chakavu. Waliziunganisha mbili hizo, na kwa kuwa fremu ya Model A ilikuwa ikijipinda kwa nguvu hiyo mpya, upande wake ulio wazi waliuziba kwa bati nene. Kisha waliyapeleka magari yao kwenye maziwa makavu ya jangwa la Mojave, Muroc na baadaye El Mirage, kupimwa mwendo chini ya SCTA, chama kilichoundwa na vilabu vyao mwaka 1937 na ambacho hadi leo kinasimamia mbio hizo.

Kwa hiyo rodsta iliyokaa Bakersfield, isiyo na injini yake na yenye fremu iliyozibwa kwa mkono wa zamani, huenda ilikwisha kuwa hotrodi kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Chunguza kama ukuta unaotenga injini na abiria umekatwa au kupigwa nyundo ili V8 iingie. Tazama kama mhimili wa mbele wa fremu umebadilishwa, kama chini ya sakafu kuna matundu ya kufungia pedali za Ford ya miaka ya baadaye, na kama dashibodi ina matundu madogo yanayokaribiana, kwani waliopima mwendo jangwani walipewa kibao kidogo cha chuma chenye tarehe na kasi yao, nao walikibandika hapo. Kwangua rangi sehemu moja ndogo iliyofichika uhesabu tabaka zake. Ukizikuta alama hizi, piga picha kila kitu, kisha rudi kwa yule mkulima umuulize gari lilikuwa la nani na kama ghalani bado kuna masanduku ya spea. Mwaka 1997 maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach yalifungua kwa mara ya kwanza daraja la hotrodi, na mshindi wake alikuwa rodsta ya Ford ya 1932 iliyojengwa na Doane Spencer katika miaka ya 1940. Tangu hapo hakuna mtu makini anayetilia shaka kwamba kazi ya wale vijana nayo ni historia inayostahili kuhifadhiwa, na mimi ningeona uchungu sana kusikia kwamba fremu ya namna hiyo imekatwa ili ionekane mpya.

Ukijiridhisha kwamba mabati ni kiraka tu cha shambani, basi una ruhusa yangu kuyaondoa. Wengine wanaosoma jibu hili wakiwa na Model A nzima, yenye injini yake na bodi isiyooza, nawasihi waitengeneze ibaki kama ilivyotoka Ford. Bodi mpya za chuma za rodsta za Model A na za 1932 zinatengenezwa Brookville, Ohio, kwa hiyo hakuna sababu ya kulikata gari ambalo limevuka karibu karne moja salama.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kabla hujaifungua bodi kutoka kwenye fremu, chomelea vyuma vya muda ndani yake, kimoja kikivuka kila uwazi wa mlango na kingine kikiunganisha upande wa kushoto na wa kulia. Rodsta haina paa la kuishikilia, na bodi iliyooza sakafuni hujikunja mara tu inapoinuliwa, kisha milango haifungi tena, na ukishachomelea sakafu mpya katika hali hiyo umeufanya upotofu kuwa wa kudumu. Fremu iweke juu ya stendi zilizosawazishwa kwa pima maji, pima mishazari yake miwili, na usianze kuchomelea chochote mpaka mishazari hiyo iwe sawa. Unapoiziba kwa bati, chomelea vipande vifupi ukihamahama upande huu na huu na kuacha chuma kipoe, la sivyo joto litaivuta kama ndizi.

Baada ya fremu, fanya breki, na hapa sikubaliani kabisa na desturi ya kununua injini kwanza kwa sababu ndiyo inayopendeza kutazama. Breki za Model A zinavutwa kwa fimbo za chuma kutoka kwenye pedali hadi kila gurudumu. Ford walikaa na breki za kuvutwa, za fimbo na baadaye za kebo, hadi mwaka 1939 walipoingiza breki za mafuta, na jambo lililowasaidia sana wajenzi wa hotrodi ni kwamba kampuni iliendelea kutumia ekseli nzima ya mbele na springi moja ya kukingama hadi mwaka 1948, hivyo breki za magari hayo ya baadaye huingia kwenye ekseli za zamani kwa marekebisho madogo. Ngoma za 1940 hadi 1948 zikiwa nzima zinatosha kabisa kwa gari jepesi la Jumapili. Kitu ambacho nisingekifuata kutoka enzi hizo ni silinda kuu yenye chumba kimoja, kwa sababu mpira mmoja ukipasuka unabaki bila breki hata moja. Weka yenye vyumba viwili, kimoja cha magurudumu ya mbele na kingine cha nyuma. Nayo ikikaa chini ya sakafu, kama ilivyo kwenye rodsta nyingi, itakuwa chini kuliko breki zenyewe na mafuta yatakuwa yakirudi polepole, kwa hiyo kila njia inahitaji valvu ndogo ya kubakiza shinikizo, psi 10 (pauni 10 kwa inchi ya mraba) kwa breki za ngoma na psi 2 kwa za diski.

Injini nimeiacha mwisho kwa makusudi, maana kila chaguo la injini linakuja na madai yake. Ukichukua Chevrolet V8 ndogo, ile iliyotoka mwaka 1955 ikiwa na lita 4.3 na ambayo ndani ya miaka michache iliiondoa V8 ya Ford katika hotrodi nyingi, utapata nguvu nyingi kwa fedha kidogo na spea katika kila duka. Lakini giaboksi ya zamani ya gia 3 na difu ya Ford ya miaka ya 1930 hazitazivumilia nguvu hizo kwa muda mrefu, na utalazimika kuweka giaboksi nyingine, propela ya wazi, difu nzito kama ile ya Ford ya inchi 9, na vishikio vipya vya ekseli ya nyuma, kwa kuwa kwenye magari ya kale bomba linalofunika propela ndilo linaloisukuma fremu mbele. Ukichukua fletihedi, yaani V8 ya kale ya Ford ambayo valvu zake zimekaa ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku, gharama ya kuifufua ni kubwa na nguvu zake ni chache, lakini giaboksi ya Ford ya 1939 inaifaa na difu ya kale inaiweza. Kwa gari lako, kama zile alama za zamani zimeonekana, mimi ningetafuta fletihedi ya Mercury, chapa nyingine ya kampuni ya Ford, ya 1949 hadi 1953, ya lita 4.2, nisiwaze tena.

Rangi iwe kitu cha mwisho kabisa. Liunganishe gari lote likiwa bati tupu, liwashe, liendeshe taratibu mtaani, ukate na kuchomelea tena kila kinachogusana na kingine, kisha ulifungue lote ndipo ulipige rangi. Ni kazi mara mbili, na wajenzi wazuri hufanya hivyo kwa sababu hakuna vishikio, mabomba wala nyaya zinazokaa mahali pake mara ya kwanza.

SWALI: Mume wangu amekuwa akitafuta rodsta ya Ford ya 1932 kwa muda mrefu na bei anazotajiwa zinanitisha, hali ya 1931 inayofanana nayo ni nafuu sana. Mwaka mmoja tu unaleta tofauti gani? Msomaji, Minneapolis, Minnesota.

JIBU: Dada yangu, zinafanana kwa mbali tu. Gari la 1932 lilikuwa muundo mpya, na ndilo lililoleta V8 ya lita 3.6 yenye nguvu za farasi 65 kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kuifikiria, wakati injini za namna hiyo zilikuwa za magari ya matajiri. Fremu yake ina kimo zaidi na ni imara kuliko ya Model A, nayo ilisanifiwa ionekane: ubavu wake una mkunjo uliopita toka mbele hadi nyuma, kwa hiyo ukiondoa madigadi gari halionekani limevuliwa nguo, linaonekana limekamilika. Kioo chake cha mbele, rejeta yake iliyozungushiwa fremu laini na mstari wa milango yake vimeigwa mno na wajenzi wa baadaye. Isitoshe, muundo huo ulidumu mwaka mmoja tu, kwa sababu 1933 Ford walitoa gari refu zaidi na lenye sura nyingine.

Kuna njia ya kati ambayo mumeo huenda ataipenda. Wajenzi wengi wa zamani walichukua bodi ya Model A, ambayo ni ndogo na nyepesi, wakaiweka juu ya fremu ya 1932. Fremu hizo zinatengenezwa upya leo, na gari linalopatikana lina uzuri wake lenyewe wala si la kujifariji nalo. Kwa mtu anayetaka kuendesha kuliko kuonyesha, nadhani ndilo chaguo lenye busara kuliko yote.

SWALI: Nina hati ya umiliki ya Model A yangu, lakini namba iliyoandikwa humo ni ya injini, na injini hiyo nataka kuiuza ili nipate nafasi ya V8. Je, nitapata shida kwenye usajili? Na kuhusu ukaguzi wa moshi? Msomaji, Stockton, California.

JIBU: Usiiuze bado. Zama hizo gari lilitambulika kwa namba ya injini, na Ford waligonga namba hiyohiyo juu ya fremu, upande wa kushoto, mahali ambapo bodi huifunika. Inua bodi, safisha kwa brashi laini bila kutumia mashine ya kusaga, na kama namba ya fremu inalingana na hati yako, ipige picha na uombe ithibitishwe rasmi kabla injini haijaondoka mikononi mwako. Kamwe usiruhusu mtu aigonge namba upya kwenye chuma kingine kwa nia ya kurahisisha mambo, maana hilo ni kosa la jinai hata kama gari ni lako halali. Kuhusu moshi, California haiyapimi magari ya petroli ya mwaka 1975 na yaliyotangulia, hivyo Model A yenye hati yake ya asili haina tatizo. Mwenye taabu ni yule aliyekusanya bodi huku na fremu kule bila hati yoyote, kwa sababu gari lake huhesabiwa kuwa limejengwa na mtu binafsi, na msamaha wa moshi kwa magari hayo hutolewa kwa vyeti 500 tu kila mwaka katika jimbo zima.

SWALI: Rodsta yangu ya 1934 ina fletihedi. Kila ninapokwama kwenye foleni, joto linapanda, halafu injini inazima na haiwaki mpaka ipoe. Nimeshabadilisha rejeta na hali ni ileile. Msomaji, Phoenix, Arizona.

JIBU: Inawezekana una maradhi mawili yanayokuja pamoja. Fletihedi ina asili ya joto, na chanzo kimo katika umbo lake: moshi unaotoka kwenye valvu haupitii kwenye hedi, unapita ndani ya bloku, katikati ya maji yanayotakiwa kuipoza injini, na silinda mbili za kati za kila upande hutoa moshi wao kwa tundu moja. Rejeta kubwa inasaidia pale tu maji yanapoweza kuzunguka. Bloku nyingi zina kutu ya miongo mingi iliyoganda kama saruji katika njia za maji, na nyingine bado zina mchanga wa kalibu uliobaki tangu siku zilipomiminwa kiwandani. Injini ifunguliwe, ichovywe kwenye dawa ya kuondoa kutu, ichokonolewe kwa waya katika kila tundu, kisha ipimwe nyufa kwa unga wa sumaku na kwa shinikizo la maji, hasa kati ya makalio ya valvu na silinda, kwa kuwa hapo ndipo bloku hizi hupasuka. Ufa ukiwapo, gesi ya mwako huingia kwenye maji na hakuna rejeta itakayokuokoa. Angalia pia pampu zako mbili za maji. Kabla ya mwaka 1937 zilifungwa kwenye hedi, zikiyavuta maji baada ya kupata moto, na mwaka huo Ford walizihamishia kwenye bloku, zikawa zinasukuma maji yaliyokwisha kupozwa na rejeta. Feni nayo iwe na kizimba kinachoizunguka, ili kwenye foleni ivute hewa kupitia rejeta nzima.

Kule kuzima na kukataa kuwaka kwa upande mwingine kunanifanya niishuku petroli. Pampu ya petroli ya injini hii imesimama juu, nyuma ya manifoldi, mahali penye joto kali, na petroli hugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta. Siku nyingine ikizima, vua kichungi cha hewa, fungua koo la kabureta huku ukichungulia ndani. Usipoona petroli ikirushwa, umepata jibu. Sogeza bomba la petroli mbali na ekzosi, na kwa joto la Phoenix ningeongeza pampu ndogo ya umeme karibu na tenki. Kumbuka tu kwamba umeme wa Ford wa miaka hiyo ni volti 6 na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kwa hiyo nunua pampu inayokubali mpangilio huo.

SWALI: Nimemaliza kujenga Model A yenye ekseli ya mbele iliyoshushwa inchi 4. Inatembea vizuri, lakini nikifika mwendo wa kati na kukanyaga shimo dogo, magurudumu ya mbele yanaanza kutikisika kwa nguvu kiasi kwamba usukani unanipokonya mikono, na sipati nafuu mpaka nisimame kabisa. Rafiki amenishauri nifunge shokabsoba ya usukani. Je, itaponya? Msomaji, Sacramento, California.

JIBU: Itanyamazisha tu, na siku itakapochoka mtikisiko utakurudia ukiwa kwenye barabara kuu. Mpaka utakapopata chanzo, tafadhali usilitoe gari hilo mtaani kwako. Anza na pini kuu zinazozunguka pale gurudumu linapogeuka: inua ekseli, shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta, na kama lina mchezo wowote badilisha pini na bushi zake pande zote mbili. Fuatisha biringi za magurudumu, ncha za fimbo za usukani na boksi lenyewe. Kisha pima mlalo wa pini kuu kwa nyuma. Ekseli hizi zinataka nyuzi 5 hadi 7, na wajenzi wengi hupoteza nyuzi hizo bila kujua wanapoishusha sehemu ya nyuma au kuiinua, kwa sababu fremu nzima inapobadili mwinamo, pini zinabadilika nayo. Vipimo hivyo vifanywe gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, likiwa na petroli na uzito wa watu wawili. Magurudumu ya mbele yaelekeane kwa ndani kiasi cha milimita 3, na tairi zisawazishwe upya.

Kama boksi lako linasukuma fimbo kutoka upande mmoja wa gari kwenda upande wa pili, tazama pia kama springi inaruhusu ekseli iende kushoto na kulia. Springi ya kukingama inaning'inia kwenye pingu mbili, na gari likikanyaga shimo mwili wote huchezacheza juu ya pingu hizo huku fimbo ya usukani ikibaki palepale, jambo ambalo ni sawa na mtu kukugeuzia usukani bila idhini yako. Dawa yake ni fimbo ya kuzuia inayofungwa kutoka kwenye fremu hadi kwenye ekseli, sambamba na fimbo ya usukani na ikikaribiana nayo kwa urefu. Ukishayarekebisha haya yote na gari likapita kwenye mashimo bila kutikisika, hapo shokabsoba ya usukani unaweza kuifunga ukipenda.